Unaenda Bean Blossom mara ya kwanza? Jukwaa lisubiri, anzia kambini

Kama umewahi kusikia banjo inamwagika kama mvua ya mawe juu ya bati ukajiuliza hawa watu wanakutana wapi, jibu moja ni Bean Blossom, kijiji kidogo tu jimbo la Indiana huko Marekani, ambako kila mwezi wa sita watu wanajaa na magari na mahema na vyombo mgongoni, kwenye tamasha la bluegrass, ule muziki wa banjo, fidla na mandolini, kwa miaka mingi limekuwa la siku nane, na lilianza 1967. Naandika kwa ajili ya mtu anayepanga kwenda mara ya kwanza, manake mimi safari yangu ya kwanza nilikaa mbele ya jukwaa siku mbili nzima nikiamini ndo nimefika, kumbe nusu ya tamasha ilikuwa nyuma yangu kule kwenye miti, na kwa maoni yangu ndo nusu nzuri zaidi.

Kabla hujakata tiketi ujue kwanza unaenda kwa nani. Eneo lile lilikuwa la Bill Monroe, mwanamuziki aliyeanzisha bluegrass. Huyu mzee alizaliwa 1911 karibu na Rosine, Kentucky, kitinda mimba wa watoto wanane, kaka zake walishajichukulia fidla na gitaa yeye akabakiwa na mandolini, chombo kidogo cha nyuzi, na hiyo mandolini ndo ikaja kubadilisha kila kitu. Wazazi walifariki yeye bado kijana, akaenda kukaa na mjomba wake Pendleton Vandiver, mpiga fidla wa kwenye dansi za vijijini, akawa anamsindikiza huku na huku akimpigia gitaa. Na alikuwepo Arnold Shultz, mchimba makaa ya mawe, Mmarekani mweusi, gitaa na fidla vyote anapiga, Monroe alipiga naye dansi akiwa mdogo na mwenyewe alisema wazi kwamba ile blues, muziki wa Wamarekani weusi, iliyomo kwenye muziki wake aliipata kwa kumsikiliza huyo. Kwahiyo mtu akikwambia huu ni muziki wa wazungu wa milimani basi, mtajie Shultz, alafu mwambie na banjo yenyewe asili yake ni vyombo vya kibuyu na ngozi vya Afrika Magharibi, vilivuka bahari pamoja na watu waliofanywa watumwa. Mimi hilo ndo lilinivuta mwanzoni kabisa, nikataka kuona kile kibuyu kimefika wapi.

Jina la bluegrass linatokana na bendi yake, Blue Grass Boys, nayo bendi iliitwa hivyo kwasababu ya jina la utani la jimbo la Kentucky. Mwaka 1939 wakaingia Grand Ole Opry, lile onyesho la redio la Nashville, Tennessee, lakini ule mlio tunaoujua leo wengi wanauhesabu kuanzia Desemba 1945 alipoingia kijana Earl Scruggs na banjo yake anayoipiga kwa vidole vitatu, Lester Flatt yupo kwenye gitaa, Chubby Wise fidla, Howard Watts besi. Baadae ikaja rock and roll ikawafunika hawa watu, kazi zikapungua sana. Kilichowanyanyua tena ni matamasha, na hapa utasikia sana jina la Carlton Haney, promota aliyeandaa tamasha la bluegrass la siku kadhaa Fincastle, Virginia, Septemba 1965, kwenye shamba la farasi. Monroe alikuwepo, ndo alikuwa mtu mkubwa wa tamasha lenyewe, akaona watu wanavyopiga kambi na kupiga muziki wao wenyewe usiku kucha. Naye tayari alikuwa na kiwanja chake Bean Blossom toka mwanzoni mwa miaka ya 50, zilikuwa zinafanyika shoo za Jumapili na kaka yake Birch akikisimamia. Juni 1967 akaanzisha la kwake. Miaka ile ilikuwa kawaida jua likianza kuzama Monroe anakusanya kila mwenye chombo, fundi na anayejifunza, wanapiga pamoja. Alifariki 1996 lakini tamasha halikufa, bado lina jina lake, na pale pale uwanjani kuna makumbusho yake, mchana jua likikaza ingia mule ndani utulie kidogo.

Sasa safari yenyewe. Uwanja wa ndege rahisi ni Indianapolis, ukitoka hapo ni kama kilomita 80 kuelekea kusini, na kodi gari manake usafiri wa umma wa kukufikisha pale usiutegemee. Weka akilini kwamba mji wa jirani unaitwa Nashville, ila ni Nashville ya Indiana, iko kilomita kama 8 kusini mwa Bean Blossom, ukiandika Nashville peke yake kwenye simu inaweza kukupeleka Tennessee, jimbo lingine kabisa. Tarehe zinasogea kidogo kila mwaka kwahiyo angalia za mwaka huo kabla hujakata ndege. Kama huna siku zote hizo, nenda ile nusu ya mwisho, Alhamisi mpaka Jumamosi, huwa watu wameshajaa. Ila kama unapiga chombo na unajifunza, siku za mwanzo ni bora kwako, watu ni wachache na wana muda na wewe.

Lala kambini. Najua hoteli ina kiyoyozi na Juni ya Indiana ni joto la kubandika shati mgongoni, lakini ukilala hotelini utaondoka saa nne usiku wakati ndo mambo yanaanza. Beba hema linalostahimili mvua kwelikweli kwasababu radi na mvua za ghafla huko mwezi wa sita ni kawaida, viatu vya tope, dawa ya mbu, na jikague kupe ukitoka kwenye majani. Kiti cha kukunja ni lazima, tena viwili kama nafasi ipo, utaona kwanini. Tochi yenye mwanga mdogo, usije ukawamulika watu machoni wakiwa wamefumba wanaimba.

Kuhusu viti vya mbele ya jukwaa kuna utaratibu ambao hautauona umeandikwa popote. Kwenye matamasha mengi ya bluegrass watu wanaweka viti vyao asubuhi, wanaviacha siku nzima, hakuna anayeviiba. Ukikuta kiti kitupu unaweza kukaa, mwenyewe akija unanyanyuka na kusema asante, hamna ugomvi. Kwahiyo weka chako mapema alafu nenda zako, na ukirudi ukakuta bibi wa watu amekikalia mwache amalizie wimbo.

Ukiwa mbele ya jukwaa angalia mikono ya wapigaji na masikio yako yatafuata. Kwa kawaida ngoma hakuna. Ukihesabu mapigo moja mpaka nne, besi inapiga dum kwenye moja na tatu, mandolini inakata chak kwenye mbili na nne, ule mkato mkavu ndo ngoma yenyewe, mpigaji anabana nyuzi na kuziachia hapo hapo zisiendelee kulia. Ukishaisikia hiyo chak hutaacha kuisikia tena. Juu yake banjo inazunguka na vidole vitatu, fidla inajaza mapengo ya mwimbaji, na sauti ya juu kabisa inaimba kwa kukaza mpaka mishipa ya shingo inaonekana. Bendi zinazotumia maiki moja ndo napenda kuziangalia kuliko zote: mwenye solo, yaani zamu ya kusikika peke yake, anaingia karibu na maiki, aliyemaliza anatoka kwa upande, banjo ndefu inapita chini ya mkono wa gitaa, hamna anayemgonga mwenzie.

Haya, usiku ukiingia nyanyua kile kiti cha pili uende kambini. Fuata sauti tu. Utakuta watu watano sita, kumi, wamekaa duara chini ya turubai, taa moja, hawana maiki wala spika, hiyo ndo jem. Kuna duara la wazi na duara la watu wanaojuana wanaotaka kupiga wao kwa wao, na hutaambiwa, inabidi usome. Viti vikiwa vimebanana na migongo imekuelekea, kaa nyuma usikilize. Mtu akikuangalia akasogeza kiti, umekaribishwa. Kama hupigi chochote hamna shida hata kidogo, wasikilizaji wanapendwa, ila usiongee juu ya wimbo na usirekodi watu simu ikiwa puani kwao bila kuomba.

Kama unapiga, tyuni chombo, yaani weka nyuzi sawa, kabla hujakaa, na tyuni kila baada ya muda manake joto na unyevu vinavuruga nyuzi vibaya sana, banjo ndo usiseme. Zamu inaenda kwa duara. Ikifika kwako unataja wimbo na ki, yaani noti ambayo wimbo umejengwa juu yake, mara nyingi ni G, A, B au D, unaanza wewe, unaimba wewe, na wewe ndo unagawa solo kwa kumtazama mtu usoni na kumwashiria kwa kichwa. Asiyetaka anatikisa kichwa kukataa, inaruka kwa mwingine, hakuna anayekucheka. Kodi, yaani zile noti zinazopigwa kwa pamoja, zikikupotea angalia mkono wa kushoto wa mwenye gitaa, au mtu atakuonyesha vidole, kidole kimoja, vinne, vitano, maana nyimbo nyingi sana zinakaa kwenye kodi ya kwanza, ya nne na ya tano ya hiyo ki. Na wimbo unaishaje? Angalia mguu. Anayeongoza akinyanyua mguu mbele, ndo tunamaliza hapo. Mara ya kwanza sikujua, duara zima likanyamaza kwa pamoja na gitaa langu likabaki linalia peke yake, mzee wa fidla akanyoosha mguu wake tena taratibu ili niuone, alafu akaanzisha ule ule wimbo upya turudie wote.

Kanuni kubwa ni moja, kama humsikii anayeimba basi wewe ndo unapiga kwa nguvu sana. Punguza. Besi ni moja tu kwenye duara, banjo ikishakuwepo ya pili isubiri au ihamie duara lingine, na kama una ngoma au chombo cha umeme usikitoe bila kuuliza. Usishike chombo cha mtu hata kama amekiacha kitini, baadhi ya hizo mandolini na gitaa ni za miaka mingi na bei zake zinatisha. Cha kwako usikiache ndani ya gari mchana, gundi inalainika na mbao inapasuka, nimeona gitaa zuri limebanduka daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi, kwa mchana mmoja tu na mwenyewe amelishika kama mtu aliyefiwa. Kiweke kivulini kwenye boksi lake, mvua ikianza ndo kitu cha kwanza kukimbiza ndani, wewe baadae.

Usiwe na haraka ya kupiga vitu vya kasi. Ukija na nyimbo tatu unazozijua vizuri, kichwani bila karatasi, zinakutosha, na angalau moja iwe ya taratibu au ya kanisani kwasababu usiku ukikomaa ndo zinazotakiwa, watu wameshachoka vidole na sauti zimeshafunguka, mtu mmoja anaanza beti, wa pili anaingia juu yake, wa tatu chini, vyombo vinakaribia kunyamaza kabisa. Hapo ndo nilielewa kwanini kuna familia zinarudi kila mwaka, babu, mtoto na mjukuu kwenye duara moja, mjukuu ameshika fidla ndogo na babu anamngojea afike.

Usikunje hema Jumamosi jioni ili uwahi barabara. Bendi za mwisho zikishuka jukwaani wale wenye safari ndefu wanaondoka, wanaobaki wanaunganisha maduara yao, na usiku huo unaweza kukaa na watu ambao wiki nzima uliwaangalia kwa mbali. Weka kahawa kwenye chupa, vaa koti manake alfajiri umande unashuka, na kile kiti cha pili kifungue kiweke pembeni yako.