Umeapgredi Ubuntu skrini ikawa nyeusi? Usifute kitu kwanza

Juzi hapa Majengo dogo wa steshenari kaniletea PC yake, kaapgredi Ubuntu (mfumo endeshi wa kompyuta, kama Windows) usiku, asubuhi anawasha skrini nyeusi tii, akawa anataka kupiga chini kila kitu aanze upya. Jamani msifute, mafaili yapo, kwa wenye kadi ya picha ya Nvidia mara nyingi ni draiva tu (programu inayoendesha kadi) haijaendana na keneli mpya (kiini cha mfumo).

Washa mashine, shikilia Shift (kama mashine ni ya kisasa, inayowaka kwa UEFI, gonga Esc mara moja) mpaka menyu ya GRUB, ile ya kuchagua cha kuwasha, itokee, bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na linux, mwisho wake ongeza nomodeset kisha bonyeza F10 iendelee kuwaka. Picha itakuwa mbovumbovu, ni ya muda tu. Fungua terminal, andika sudo apt purge '^nvidia-.*' (inatoa draiva ya zamani tu) halafu sudo ubuntu-drivers install (inaweka mpya), uwe na bando la kutosha maana inavuta mamia ya MB, ikimaliza riboti.

Sasa hapa ndo wengi wanakwama: kama Secure Boot (ulinzi wa wakati wa kuwasha mashine) iko on unaweza kuambiwa utunge paswedi, ikiwa hivyo ikiriboti inakuja skrini ya bluu, chagua Enroll MOK (kusajili ufunguo wa draiva) uweke paswedi ile ile. Ukiiruka hiyo draiva haipandi, unarudi kule kule. Mwisho andika nvidia-smi, ukiona jina la kadi yako iko poa.