Namna ya kufasiri "sound": neno moja la Kiingereza, asili nne

Mfasiri akikutana na "sound", mkono hukimbilia "sauti". Mara nyingi hupatia. Akikosea, hukosea vibaya: "sound policy" huwa "sera ya sauti", na mtu aliyelala usingizi mzito ("sound asleep") huonekana amelala kwa sauti, yaani anakoroma. Sababu ni kwamba "sound" si neno moja lenye maana nyingi. Ni maneno manne yenye asili tofauti, yakabadilika karne baada ya karne hadi matamshi na tahajia zikafanana. Tuyaite koo nne: kelele, uzima, kupima na maji. Kila moja lilibaki na maana yake. Ukishajua umeshika lipi, Kiswahili chake hakisumbui.

Mwongozo huu ni wa anayefasiri nyaraka, habari, maelezo ya video au vitabu vya mafunzo.

Hatua ya 1: Sahau kwamba "sound" na "sauti" zinafanana

Si ndugu. "Sauti" imetoka Kiarabu, kwenye "ṣawt". "Sound" ya kelele imetoka Kilatini, "sonus", ikapitia Kifaransa cha Wanormani na kuingia Uingereza kama "soun", bila "d". Hiyo "d" ilidandia mwishoni kati ya karne ya 14 na ya 16, kwa sababu n na d hutamkwa ncha ya ulimi ikiwa mahali pamoja. Kiswahili nacho hupenda jozi hiyo: ulimi huwa ndimi, -refu huwa ndefu. Kanuni si ileile, lakini kinywa ni kilekile.

Kufanana huko ndiko kunakoshawishi mfasiri, hata yule mzoefu, asifungue kamusi.

Hatua ya 2: Tazama aina ya neno kabla ya kutafuta maana

Hapa ndipo kazi kubwa inapoisha.

Likiwa kivumishi, si sauti kamwe. "Sound advice", "a sound roof", "of sound mind": zote ni za ukoo wa uzima. "Soundly", "soundness" na "unsound" nazo ni za huko huko.

Likiwa kielezi, utalikuta karibu mahali pamoja tu: "sound asleep". Ukoo ni ule ule wa uzima.

Likiwa nomino yenye herufi kubwa, mbele yake pakiwa na jina la mahali, ni maji.

Likiwa "soundings", kwa wingi, ni kupima.

Likiwa kitenzi au nomino ya kawaida, hapo ndipo pa kusoma sentensi nzima. Huenda ni kelele, huenda ni kipimo, na katika habari za uvuvi huenda ni kiungo cha samaki.

Hatua ya 3: Kivumishi, ukoo wa "mzima"

Asili yake ni Kiingereza cha kale, "gesund". Kiambishi "ge" kilianguka, lakini Kijerumani bado kinacho: "gesund" ni mwenye afya, na mtu akipiga chafya huambiwa "Gesundheit". Maana ya msingi ni kitu kizima, kisichooza, kisicho na ufa. Maana nyingine zote za kivumishi zimechipuka hapo.

Kiswahili kina neno lililopita njia hiyo hiyo: -zima. Mgonjwa aliyepona ni mzima, na mbao isiyoliwa na mchwa ni nzima. Kwa hiyo jaribu -zima kwanza kwa vitu vinavyoshikika: "sound timber" ni mbao nzima, "sound fruit" ni matunda mazima, yasiyopondeka. Tahadhari iko kwa binadamu. "A sound man" ukiandika "mtu mzima" umemtaja mtu aliyevuka utoto, basi. Andika "mtu mwenye siha njema" au "yu buheri wa afya". Na kama Kiingereza kinasifu akili yake badala ya mwili, "mtu makini" au "mtu wa kutegemewa".

Kwa mambo yasiyoshikika, -zima haifai. Chagua kwa kuuliza: kitu hiki kikiwa kibovu, kitaharibika vipi?

Hoja mbovu hukosa pa kusimama, kwa hiyo "sound argument" ni hoja yenye mashiko. (Katika mantiki ni mahususi zaidi: muundo uwe sahihi na madai yanayoibeba yawe ya kweli. Hapo tumia "hoja thabiti", na usiichanganye na ile ambayo muundo wake tu ndio sahihi.) Benki mbovu huanguka, kwa hiyo ni benki imara au madhubuti. Ushauri mbovu hupotosha, kwa hiyo ni ushauri wa busara. Uwekezaji mbovu hula mtaji, kwa hiyo ni uwekezaji wa uhakika. Punda mbovu machoni pa daktari wa mifugo ni anayechechemea. "Sound" kwenye ripoti yake inasema miguu haina kasoro, haisemi lolote kuhusu minyoo au meno.

Usikariri neno moja la kuziba kila pengo. Nyaraka nyingi zina "imara" hadi kwa ushauri, na ushauri imara haueleweki ni upi.

Kuna misemo ambayo Kiswahili kimeshaimaliza, wala usiitafutie tafsiri mpya:

"Safe and sound" ni salama salimini.
"Sound asleep" ni kulala fofofo, au usingizi wa pono.
"Of sound mind" ni mwenye akili timamu. Utakutana nayo kwenye wosia na mikataba; Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inataka anayefunga mkataba awe hivyo. Kinyume chake andika "asiye na akili timamu". "Kichaa" ni neno la mtaani, na kwenye hati ya kisheria litakurudishia kazi mezani.
"Soundly beaten" ni kufungwa vibaya, kama ni mpira, au kupata kipigo cha haja. Uzima wote umeshayeyuka humo. Kilichobaki ni ukamilifu.
"Environmentally sound management", maneno ya Mkataba wa Basel wa 1989 kuhusu taka hatari, ni usimamizi usiodhuru mazingira. Hapa Kiswahili kinahitaji kukanusha. Ukilazimisha sifa chanya unapata "usimamizi mzuri wa mazingira", na hilo ni jambo jingine.

Hatua ya 4: Kitenzi cha kelele, na kosa la "inasikika vizuri"

"To sound" ya kelele ina sura tatu.

Ya kwanza inafuatwa na kitu kinachopigwa: king'ora, honi, baragumu, kengele. Vyote Kiswahili huvipiga. "Sound the alarm" kwa maana ya kutahadharisha umma ni kupiga mbiu.

Ya pili inafuatwa na kivumishi, nayo ndiyo yenye makosa mengi. "That sounds good" si "hilo linasikika vizuri". Kinachosikika vizuri ni redio. Mtu akikubali pendekezo husema "wazo zuri" au "sawa, tufanye hivyo". "You sound tired" kwenye simu ni "sauti yako ina uchovu", au "unaonekana umechoka" kama wanaonana ana kwa ana.

Ya tatu ni "sounds like". Jiulize kama msemaji anasikia au anakisia. Akisikia matone kwenye bati, "sounds like rain" ni "kama mvua vile". Akiwa anapokea habari tu, "sounds like he has left" ni "inaelekea ameondoka", na masikio hayamo.

Kwa nomino, Kiingereza ni maskini kuliko sisi. Hutosheka na "sound" pale ambapo Kiswahili kinataka kujua ni ya nini: mlio wa injini, risasi au ndege, kishindo cha miguu, mvumo wa upepo na bahari, ngurumo ya radi, mchakacho wa majani makavu. "Sauti" ibaki kwa binadamu, fonetiki, fizikia na studio. Mfasiri anayeandika "sauti ya risasi" hajakosea, ila ameandika kama mgeni.

Na ukifasiri mazungumzo ya vijana wa Dar es Salaam kwenda Kiingereza, kumbuka "kupiga saundi" ni kurusha maneno matamu ya kumlainisha mtu. Mkopo uliondoka na kelele ukafikia mapenzi.

Hatua ya 5: Kitenzi cha kupima

Hiki kimetoka Kifaransa cha kale, "sonder", kupima kina cha maji. Baharia alishusha kamba yenye kipande kizito cha madini ya risasi mwishoni, ya ratili 7 hadi 14 kwa maji ya kawaida, akahesabu alama. Chini ya risasi palikuwa na tundu lililojazwa shahamu ili mchanga au tope la chini linase, nahodha ajue yuko juu ya nini.

Mabaharia wa pwani yetu wana jina la chombo hicho: bildi. "To sound" kwenye maandishi ya ubaharia wa zamani ni kutia bildi. Kipimo nacho kipo. "Fathom", ambayo kwa asili ni mikono miwili iliyonyooshwa, ndiyo pima yetu, nayo ni mikono miwili iliyonyooshwa: dhiraa 4, au futi 6 za Kiingereza, karibu mita 1.83. "Mark twain", kelele ya wapima maji wa mto Mississippi ambayo mwandishi Samuel Clemens aliigeuza jina lake la kalamu, ni pima 2.

Kwa hiyo "to sound someone out" isikupe shida. Ni kumpima mtu mawazo, au kupima maji kabla ya kuingia. "Take soundings" ofisini ni kukusanya maoni kimya kimya kabla ya uamuzi. Nyangumi naye "sounds" anapozama kilindini, na hapo anayetegemea "sauti" humfanya nyangumi apige kelele wakati mnyama ameshatoweka.

Mtego mkubwa zaidi ni "echo sounder". Kifaa hicho hutumia sauti, lakini "sounder" yake ni ya kupima. Hutuma mlio chini na kusubiri mwangwi. Sauti husafiri majini karibu mita 1,500 kwa sekunde. Mwangwi ukirudi baada ya sekunde 2, kina ni mita 1,500, kwa kuwa safari ni ya kwenda na kurudi. Iite kipimakina cha mwangwi.

Hospitalini koo mbili za neno hili hukaa ukurasa mmoja. "Heart sounds" na "bowel sounds" ni za kelele: mapigo ya moyo, mingurumo ya utumbo. "Uterine sound" ni kijiti chembamba cha kupimia kina cha mji wa mimba kabla ya kuweka kitanzi. Kitanzi cha kawaida cha shaba huhitaji kina cha sentimita 6 hadi 9. Anayeandika "sauti ya mji wa mimba" katika mwongozo wa wakunga amefuta hatua nzima ya usalama.

Hatua ya 6: Maji na samaki

"Sund" kwa Kiingereza cha kale ilikuwa kuogelea, na pia bahari. Kwa Kinorse, lugha ya kale ya Skandinavia, ilikuwa kuogelea na mlangobahari. Ndiyo iliyo ndani ya Øresund, kati ya Denmark na Sweden, ambako wafalme wa Denmark walitoza meli ushuru tangu 1429 hadi 1857. Hapo "the Sound" ni mlangobahari bila wasiwasi.

Kwingine usikimbilie neno hilo, kwa sababu waliotoa majina hawakuwa makini. Plymouth Sound ni ghuba. Milford Sound ya New Zealand ni bonde lililochongwa na barafu kisha likajaa bahari. Puget Sound ya Marekani ni mkono wa bahari ulioingia bara. Fungua ramani kwanza, acha jina kama lilivyo, kisha utangulize aina ya umbo mara ya kwanza tu: "ghuba ya Plymouth Sound". Baada ya hapo jina linatosha.

Ukoo huo wa kuogelea ndio uliowapa wavuvi wa Kiingereza "sound" ya samaki: mfuko wa hewa tumboni unaomsaidia kuelea. Kando ya Ziwa Victoria hilo ni bondo, na mabondo ya sangara ni ghali kuliko minofu ya uzito uleule. Ukiona "cod sounds" kwenye orodha ya bidhaa, ni mabondo ya chewa wa Atlantiki.

Hatua ya 7: Panga hazina ya istilahi, kisha ujipime

Kwenye programu ya kufasiria usiingize "sound = sauti" kama ingizo moja. Fungua maingizo sita: kivumishi, kitenzi cha kelele, kitenzi cha kupima, nomino ya kelele, nomino ya jiografia, nomino ya samaki. Kila ingizo liwe na aina ya neno na sentensi moja ya mfano. Usibadilishe neno hili kwa amri ya kubadilisha yote faili zima. Pitia moja moja, hata yakiwa 80.

Sentensi ya kujipimia ni hii: "The surveyor, sound in mind and body, took soundings across the Sound until the echo sounder stopped making a sound." Neno limejitokeza mara tano, na koo zote nne zimo.

"Mpima bahari huyo, mwenye akili timamu na siha njema, alipima kina cha mlangobahari kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, mpaka kipimakina cha mwangwi kikanyamaza."

Hesabu "sauti" ngapi zimo.