Kuchunga nyumba ya Dodoma ukiwa Leicester

Nyumba yangu iko Iyumbu, upande wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Mimi niko Leicester, Uingereza. Katikati yetu kuna kamera nne, na nimejifunza kwa hasara kwamba kuchunga na kuchungulia ni vitu viwili. Mgogo anayechunga ng'ombe hutembea nao juani. Anayechungulia amesimama nyuma ya tundu. Kamera ukiiacha peke yake, inachungulia tu.

Usiku mmoja wa Januari, saa tano kwa saa za huku, simu ililia. Dodoma ilikuwa saa nane usiku. Mtu alikuwa kwenye banda la saruji, akiinama, akijitwisha mfuko, akitoka, akirudi tena. Nilihesabu mifuko sita nikiwa kitandani. Namba ya jirani hata mmoja sikuwa nayo, na mdogo wangu alikuwa amezima simu. Saruji iliondoka ninaiona, tena kwa picha safi kabisa.

Kwa hiyo anza na watu, kamera baadaye. Ukienda likizo pita kwa mwenyekiti wa mtaa, pita kwa mjumbe, kaa na majirani wawili unywe nao chai, uondoke na namba zao. Wazazi wetu walichungana kwa nyumba kumi tangu enzi za TANU. Balozi wa nyumba kumi alijua mgeni gani kalala kwa nani. Nao ulikuwa ufuatiliaji, wa chama na wa dola, na sisemi ulikuwa mtamu. Ila balozi aliweza kuamka usiku akapiga kelele za mwizi. Kamera haiwezi.

Mitambo yenyewe haina makuu. Kamera inayotegemea LUKU hufa umeme ukiisha, na hata ukinunua umeme ukiwa huku, lazima awepo mtu wa kuingiza zile tarakimu kwenye mita. Ya sola inafaa Dodoma kwa jua lake, lakini vumbi la kiangazi litaziba paneli, hivyo mtu aipanguse kila baada ya wiki mbili. Buibui ndiye adui ambaye fundi hakutajii: wadudu hufuata kamera usiku, buibui hufuata wadudu, utando ukitikisika mbele ya lenzi simu yako inalia hadi alfajiri. Dawa yake ni ufagio mrefu. Laini ya kamera nayo husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, kwa hiyo mara nyingi itakuwa kwa jina la ndugu. Chagua ndugu ambaye hamtagombana mwakani.

Neno la siri badilisha mwenyewe, siku hiyohiyo, fundi akiwa bado hajashuka ngazi. Aliyenifungia mimi alisajili kamera kwa simu yake "ili asinisumbue". Miezi minne kijana nisiyemjua vizuri alikuwa na uwezo wa kutazama kwangu kuliko mimi.

Tena alikuwa na uwezo wa kutazama sebuleni, maana nilikuwa nimeweka moja humo. Shangazi ndiye anayekaa kwenye nyumba. Siku ya pili nikaona giza. Alikuwa ameifunika kwa khanga. Nikampigia.

"Shikamoo shangazi. Kamera ina nini?"

"Marahaba. Haina kitu, imelala. Mwanangu, mimi nikivua kilemba nyumbani kwangu, wewe unatafuta nini?"

Nikaiondoa. Katiba yetu, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu na ya maskani yake, na tangu Mei 2023 inatumika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, yenye tume yake. Hata huku Uingereza, kamera ya nyumbani ikianza kunasa barabara au ua wa jirani, sheria ya taarifa binafsi inaanza kukuhusu. Elekeza kamera getini na stoo. Dada wa kazi, mlinzi na mafundi waambie zilipo, kwa mdomo, siku ya kwanza. Na usirushe picha ya mtu kwenye kundi la ukoo ukiandika "mwizi huyu". Ukikosea, utakayeshtakiwa ni wewe.

Picha ikinasa jambo la kweli, ihifadhi usiku huohuo. Ushahidi wa kielektroniki unapokelewa mahakamani chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, lakini uzito wake hutegemea ulivyohifadhiwa, kwa hiyo rekodi halisi ibaki kama ilivyo, bila kukatwakatwa. Mimi nilitua Dodoma Aprili, nikaenda polisi na simu mkononi kuonyesha mifuko yangu sita. Kadi ya kamera hujifuta kila baada ya siku saba. Nilichomwonyesha afande kilikuwa mbuzi wa jirani.