Umecheza soka la vijana na sasa unataka kufundisha? Anzia hapa

Kama umri wa timu ya vijana umekupita au goti limegoma na bado roho inadunda ukisikia filimbi, njoo kwenye ukocha mapema, usisubiri mpaka ufike 40. Kocha Mjerumani Julian Nagelsmann aliacha kucheza na miaka 20 sababu ya majeraha, akafundisha vijana wa klabu ya Hoffenheim, 2014 wakabeba ubingwa wa U19 (chini ya miaka 19) Ujerumani, 2016 akapewa timu ya wakubwa ya klabu hiyo hiyo akiwa na miaka 28. Hapa kwetu Tanzania Selemani Matola alikua nahodha wa Simba, nae alipitia kufundisha vijana.

Cha kwanza kabisa nenda kwa kocha wa mtaani kwenu, "shikamoo mwalimu, naomba nikusaidie." Utabeba koni, utajaza mipira upepo, utaandika waliofika, fanya tu, huku unamwangalia anavyoongea na dogo aliyekosa penati maana hiyo hakuna kozi itakufundisha vizuri kama kuiona. Kozi nazo usiziache. Ulizia chama cha soka cha wilaya au mkoa TFF (shirikisho la soka Tanzania) wanaendesha lini za awali, baadae ndio unapanda leseni za CAF (shirikisho la soka Afrika), D, C, B mpaka A.

Sasa hapa ndio wengi tuliocheza tunakwama. Wewe unatuliza mpira bila kufikiria, mwili unajua wenyewe, ila mtoto wa miaka 9 ukimpigia kelele "tulia na mpira!" hajui afanye nini. Mvunjie vunjie: angalia nyuma yako kabla mpira haujafika, upokee na mguu ulio mbali na anayekukaba, geuka. Siku moja kitu kimoja, kesho kingine.

Na foleni jamani, naomba sana hizi foleni tuziache. Watoto 20 mstari mmoja, mpira mmoja, kila mtu apige golini arudi nyuma. Hesabu mwenyewe, kila zamu ikichukua sekunde 15 basi dogo anasubiri dakika 5 aguse mpira mara moja, saa nzima kagusa mara 12, hapo huwezi kupata mchezaji. Wagawe watano kwa watano, viwanja vidogo viwili, goli weka ndala, mpira namba 4 kama wako chini ya miaka 12, waache wacheze. Chandimu, soka letu la mtaani, ilitupa chenga na ujanja kwa njia hiyo hiyo, kila mtu anagusa mpira kila mara.

Halafu toka uwanjani. Najua miguu inawasha na unataka kuwaonyesha, waonyeshe mara moja kisha simama pembeni, ukiwa ndani unaangalia mpira tu na yule beki mpole ambaye hajapewa pasi tangu mmeanza humuoni kabisa.

Fimbo na matusi hapana, hata kama wewe ulifundishwa hivyo. Namba ya mzazi iwe kwenye daftari lako, usibaki na mtoto peke yenu sehemu iliyofichika, na muulize mzazi ratiba ya shule kabla hujapanga muda wa mazoezi, akikuamini huyo hata hela ya maji atachanga.

Mkipata mechi ya kirafiki na umeenda na watoto 16, wote 16 wacheze, panga mabadiliko kwenye karatasi tangu jana yake maana mkiwa mmefungwa goli mbili utajikuta unawasahau wa benchi.