Ziara ya wanafunzi Kilimanjaro ianze na kazi ya kijiji

Mwalimu anayepanga kuwapeleka wanafunzi katika vijiji vya miteremko ya Kilimanjaro aiandikie kwanza ofisi ya mtendaji wa kijiji, aulize ni kazi gani wanakijiji wenyewe wameipangia siku, kisha ratiba ya safari ifuate jibu hilo. Mifongo, yaani mifereji ya asili inayoshusha maji ya mito hadi kwenye vihamba, mashamba ya nyumbani ya migomba na kahawa, husafishwa kwa kazi ya pamoja, na mwanafunzi anayezoa tope akielekezwa na wazee wa mfongo huelewa ugawaji wa maji kuliko anayesimama pembeni akipiga picha. Kama kijiji kimeomba miti, ipandwe masika yanapoanza, kwa kawaida mwezi Machi, kwa sababu miche ya likizo ya Juni huingia moja kwa moja katika miezi mikavu. Mringaringa hufaa, kwani huipa mibuni kivuli, lakini mikaratusi isikaribie chemchemi. Chakula kinunuliwe hapo hapo kijijini. Ripoti ya wanafunzi, na hili naona ndilo husahaulika zaidi, ipelekwe kwa Kiswahili katika ofisi ile ile kabla muhula haujaisha.