Namna ya Kumfundisha Anayeanza Kanuni za Themodinamiki

Unapofundisha themodinamiki, yaani elimu ya joto na nishati, anza na sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa, wala usianze na fomula. Mweleze mwanafunzi kwamba lita moja ya maji yenye nyuzi 25 za Selsiasi huhitaji takriban kilojuli 315 za nishati ili ifikie nyuzi 100, kisha muulize nishati hiyo imetoka wapi. Akijibu kwamba ilihifadhiwa ndani ya mkaa, amekwisha kuigusa kanuni ya kwanza, isemayo kwamba nishati haiumbwi wala haiangamizwi, bali hubadilika umbo tu.

Kanuni ya pili, isemayo kwamba joto lenyewe huhama kutoka penye moto kwenda penye baridi tu, ndiyo inayostahili muda mrefu zaidi. Mmiminie chai ya moto, aone mvuke ukipanda, na baada ya nusu saa aionje tena: joto limehamia hewani, nalo halitarudi kikombeni lenyewe, ingawa kanuni ya kwanza peke yake isingelizuia. Hapo ndipo neno entropia, yaani kipimo cha jinsi nishati ilivyotawanyika, alilolibuni mwanafizikia Rudolf Clausius mwaka 1865, linapopata maana. Jokofu nalo haliivunji kanuni hii, kwa kuwa hutumia umeme kulitoa joto ndani; mpeleke aupapase mgongo wake, atalikuta joto hilo hapo.

Kanuni ya tatu, inayohusu halijoto ya chini kabisa isiyofikika, yaani nyuzi 273.15 chini ya sifuri, inatosha kutajwa kwa ufupi.