Namna ya Kulinda Haki ya Kuandamana na Kusema Wakati wa Mashindano Makubwa ya Michezo

Mnamo Septemba 2023, Shirikisho la Soka Barani Afrika, CAF, lilizipa Kenya, Uganda na Tanzania uenyeji wa pamoja wa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 2027. Mashindano ya kiwango hicho huja na barabara zilizofungwa, wachuuzi waliohamishwa, polisi walioongezwa na viongozi wasiopenda wageni waone bango lenye malalamiko. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya vyama vya wafanyakazi, vikundi vya mitaa na raia yeyote mwenye jambo la kusema katika kipindi kama hicho. Umeegemea sheria za Kenya, na tofauti za nchi jirani zimetajwa kwa ufupi.

Ujue kwanza kwamba mashindano hayasimamishi Katiba. Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka za umma, mradi awe na amani na asiwe na silaha. Kifungu cha 33 kinalinda uhuru wa kujieleza, ingawa hakilindi uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki. Haki hizi zinaweza kuwekewa mipaka kwa sheria tu, na Kifungu cha 24 kinadai mipaka hiyo iwe ya kadiri na yenye sababu inayokubalika katika jamii ya kidemokrasia. Basi afisa akitangaza kwamba maandamano yamepigwa marufuku hadi wageni waondoke, mwombe kwa maandishi ataje sheria anayoitegemea. Julai 2024, kaimu Inspekta Jenerali wa Polisi alipopiga marufuku maandamano katikati ya jiji la Nairobi, Mahakama Kuu iliisimamisha amri hiyo bila kukawia.

Hatua ya pili, ambayo waandaaji wengi huiruka, ni kutenganisha barabara na uwanja. Barabarani unalindwa na Katiba moja kwa moja. Ndani ya uwanja umeingia kwa tiketi, na tiketi ina masharti ya mwandalizi, ambayo kwa kawaida yanakataza mabango ya kisiasa. Kanuni ya 50 ya Mkataba wa Olimpiki, kwa mfano, hairuhusu maonyesho ya kisiasa, ya kidini wala ya kibaguzi katika maeneo ya michezo hiyo. Masharti hayo yanaweza kukufanya utolewe uwanjani, lakini hayageuzi bango lako kuwa kosa la jinai, na mlinzi wa lango hana mamlaka ya kukushtaki. Hata ndani ya uwanja mlango haujafungwa kabisa. Katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016, watazamaji walipotolewa kwa kubeba maneno ya kumpinga Rais wa muda wa Brazil, Michel Temer, jaji wa mahakama ya shirikisho aliwaamuru waandalizi waache kuwazuia watu wanaopinga kwa amani. Katika michezo hiyohiyo, Feyisa Lilesa wa Ethiopia alivuka mstari wa mwisho wa marathoni akiwa amepishanisha mikono juu ya kichwa, kupinga kuuawa kwa watu wa jamii yake ya Waoromo. Alibaki na medali yake ya fedha, ila hakurudi kwao hadi mwaka 2018. Kwa maoni yangu, kikundi kisicho na mawakili wa kutosha kiache uwanja na kishughulike na barabara, ambako sheria iko upande wake zaidi.

Kwa barabarani, andika taarifa. Sheria ya Utulivu wa Umma inamtaka mwandalizi amjulishe mkuu wa kituo cha polisi, yaani OCS, si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla ya tukio. Taja jina kamili na anwani ya mwandalizi, tarehe, saa na mahali pa mkutano au njia ya maandamano. Muda unaoruhusiwa ni kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Hii ni taarifa, si ombi la kibali, kwa hiyo usiandike “tunaomba ruhusa”, maana maneno hayo yanampa OCS nafasi ya kukataa asiyopewa na sheria. Sababu anayoweza kutumia kukuambia tukio lisifanyike siku hiyo ni kwamba mwingine ametangulia kutoa taarifa ya tukio la saa na mahali palepale. Angalia basi ratiba ya mechi na barabara zitakazofungwa, kisha uchague njia isiyokatiza mlango wa uwanja wala njia ya magari ya wagonjwa. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri na kutiwa tarehe, na ubaki nayo. Wakikataa kuipokea, itume pia kwa barua pepe, na shahidi aandike saa na jina la afisa aliyekataa.

Ukizuiwa, kimbilia Mahakama Kuu mapema, kwa sababu amri inayotolewa baada ya fainali haina faida. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu yeyote kufungua kesi ya haki za msingi, hata kwa niaba ya kikundi, na kinasema hakuna ada ya kuianzisha. Ukitaka kujua serikali imeahidi nini katika mkataba wa uenyeji, tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayoipa taasisi ya umma siku 21 kukujibu; anza miezi kadhaa kabla.

Siku yenyewe, teua wasimamizi wenye fulana za rangi moja, na wapatie waandamanaji namba ya wakili waiandike mkononi, kwa kuwa simu huchukuliwa. Anayerekodi video aanze kwa kuonyesha jengo linalotambulika na kutaja saa, kisha atume nakala kwa mtu aliye mbali. Anase namba za maafisa na za magari: Agosti 2024 Mahakama Kuu iliagiza polisi wanaosimamia maandamano wavae sare na watambulike. Usitegemee runinga pekee, maana Juni 2025 vituo viliamriwa viache kutangaza maandamano moja kwa moja, hadi mahakama ilipoisimamisha amri hiyo.

Ukikamatwa, una haki ya kuelezwa sababu kwa lugha unayoielewa, kunyamaza, na kuwasiliana na wakili. Kifungu cha 49 kinataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku inayofuata ya kazi ya mahakama ikiwa muda huo unaishia nje ya saa za kazi. Ndiyo maana Wakenya huogopa kukamatwa Ijumaa, na ndiyo maana ni heri kuandamana Jumanne.

Nchini Tanzania, taarifa hutolewa kwa polisi angalau saa 48 kabla, na haki hizi zimo katika Ibara ya 18 na ya 20 za Katiba ya nchi hiyo. Nchini Uganda, Mahakama ya Katiba ilibatilisha mwaka 2020 kifungu kilichowapa polisi uwezo mpana wa kuzuia mikutano, ingawa wajibu wa kutoa taarifa umebaki.

Mtu akijeruhiwa, apate taarifa ya daktari siku hiyohiyo, kisha malalamiko yapelekwe kwa IPOA, mamlaka huru inayochunguza mienendo ya polisi, yakiambatana na nakala ile yenye muhuri, video na majina ya mashahidi waliokubali kutajwa.